Kidole cha Mwisho

Kijana wa kusajili laini, pale stendi ya Newala,
alilishika dole gumba langu kama anayechagua nyanya,
akalibonyeza kwenye kioo.
Kioo kikafikiri. Kikakataa.
"Mama Somoe, futa jasho."
Nikafuta kwenye kanga.
Kikakataa.

Tukaenda kidole kwa kidole.
Cha shahada, kilichohesabu tasbihi ya marehemu:
hakipo.
Cha kati, hakipo.
Cha pete (pete niliiuza mwaka ule wa bei mbaya),
nacho hakipo.
Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna.
"Mashine inasema huna alama," Liunda akaninong'oneza,
kama daktari anayeficha ugonjwa.

Nikacheka. Mwanangu, alama zangu
zimekwenda na korosho.
Mwaka wa ishirini na tatu huu nabangua,
na ganda lina mafuta yake, si ya kujipaka.
Yanakula. Unajikinga kwa majivu, yanakula.
Ngozi inabambuka, inaota, inabambuka,
mpaka siku moja inachoka kukumbuka mistari.
Yupo mtu, sijui nchi gani, ya baridi,
katafuna korosho nyeupe isiyo doa
wala hajui kwamba kameza jina langu.

Bibi yangu alichanjwa chale usoni,
pembe juu ya pembe, mashavu yote mawili.
Ungemkuta Masasi, ungemkuta ng'ambo ya Ruvuma,
ungesema tu: huyu wa kwetu.
Mimi uso mtupu, na sasa vidole vitupu.
Nimeandikwa wapi?

Maalimu husema mwili ni nguo,
roho ndiyo mvaaji.
Sibishi. Ila nimeona
nguo inavyomfundisha mvaaji kutembea.
Mgongo ukiniuma, dua yangu huwa fupi.
Njaa ya Februari huingia mpaka ndotoni,
hukaa, hunawa, husubiri sahani.

Halafu kuna usiku ule wa homa ya Asumini.
Maji yako bondeni, na kilima kile
magoti yangu yalishakiaga.
Nilishuka. Nikapanda na ndoo kichwani.
Magoti hayakupanda, nayajua mimi.
Nani alipanda?

Sasa Asumini yuko Lindi, kajifungua juzi.
Nataka kusikia kilio cha huyo mgeni.
Sauti haina ngozi, haibabuki,
inapita juu ya mikorosho yote hii bila nauli,
lakini ili ipite, wanadai kidole.

"Bado kimoja," nikasema.
Kidole cha mwisho, kushoto.
Nilianguka mkoroshoni nina miaka tisa,
aliyeniunga mfupa akauunga kombo,
kikabaki kimepinda kama ndoana.
Hakijawahi kushika ganda. Hakiwezi.
Wenzangu pale uani wanakiita Bwana Mkubwa:
kumi tunakaa, tisa wanafanya kazi.
Mama alikililia. "Chanda chema huvikwa pete,"
alisema, "hiki nani atakivika?"

Liunda alikilaza kwa shida, kwa ubavu,
akikinyoosha taratibu asije kukivunja tena.
Kioo kikafikiri.
Kikafikiri sana.
Kikawaka kijani.

Mistari yote ilikuwamo, mizima, ya utotoni,
imejikunja kama mkeka wa wageni
ambao hawakufika.

Nilipiga pale pale, nimesimama juani.
"Nani?" akauliza Asumini,
na mimi, mjinga, nikainua kidole
kana kwamba ananiona.

Jioni nimerudi kwenye ganda.
Muhogo unachemka, mikono ina majivu,
tisa wamo kazini, wanateketea kama jana.
Huyu mmoja nimemtenga juu, mbali na mafuta,
kama mtu anayekunywa chai ugenini.
Wenzangu wananicheka.
Wacheke.