Mahali

Miaka ishirini na sita nilitangaza treni
stesheni ya Tabora,
na kila niliposema "Ulambo"
watu wa Urambo walinyanyuka na mizigo yao.
Hakuna hata mmoja aliyeachwa
kwa sababu ya ulimi wangu.

Basi walipotafuta sauti nzito
ya kuwasomea watoto maneno,
mashindano ya tahajia, ya taifa zima,
ukumbi wa chuo, bendera, maji ya chupa mezani,
wakasema: mleteni Mzee Sizya.
Nikaipiga pasi suti ya mazishi.

Watoto thelathini na mmoja, namba vifuani.
Waliangushwa na vitu vidogo.
Mmoja aliiandika dhahabu kwa z.
Wa Manyara aliifungua ghala bila h:
kengele, ti! na mama mmoja nyuma kule
akashika kichwa.
Kiswahili, wanasema, huandikwa kama kinavyosikika.
Hawasemi kinasikika kutoka mdomo wa nani.

Saa nane walibaki watatu.
Namba kumi na saba: Kalunde, wa Usinge,
soksi moja imeshuka,
mikono nyuma kama aliyeficha kitu.
Nikavaa miwani. Karatasi ilisema: mahari.
Nikasema.

Hakuuliza maana. Hakuomba nirudie.
Alitazama feni isiyozunguka
akazitoa herufi moja moja,
kama mtu afungaye majani ya tumbaku kwenye ufito:

M. A. H. A.
L.
I.

Kengele.

Bi Hadiya, jaji mkuu, alitikisa kichwa
kwa upole wa watu wa pwani.
Mimi nilikwisha jua,
kama unavyojua umekanyaga kitu gizani
kabla hujawasha tochi.
Sauti yangu ilikuwa bado imo kwenye spika,
na l yake imelala palepale.
Mdomo uliopigia kelele mabehewa miaka yote ile
haukufunguka.
Ulipofunguka, nilisoma neno lililofuata.

Mwinjuma wa Kilwa alichukua baiskeli
kwa neno taadhima. Hakukosea. Nilimpigia makofi.

Jioni miguu ilinipeleka stesheni,
njia hiyo inaijua bila mimi.
Nikamkuta bencini, mwalimu wake amesinzia,
kamusi ya mshindi wa tatu magotini.
Nikamwambia yote: karatasi ilisema hivi,
mimi nikasema vile,
na kwamba naweza kumwahi Bi Hadiya
kabla hajalala.

Alimenya karanga. Akanipa mbili.
"Nilijua, Babu. Bibi yangu naye hulitamka hivyohivyo.
Yote mawili nilikuwa nayo mdomoni."

Sasa mbona hukuuliza?

"Lile jingine liko nyumbani.
Ng'ombe saba.
Wamejengewa zizi palipokuwa na bustani ya dada.
Dada hayupo."
Akaifungua kamusi, akaifunga.
"Nikaona niandike ulivyosema."

Treni ilichelewa, hilo halijabadilika.
Kijana wa siku hizi akatangaza:
Urambo, Kaliua, Usinge,
r yake imenyooka kama reli.
Mwalimu akaamka, akatafuta kiatu.
Mimi nikabeba begi mpaka behewa la tatu,
nikasukumana na magunia ya watu,
nikampatia mtoto pa kukaa,
dirishani.

Barua kwa waandaaji nimeianza.
Iko mezani wiki ya pili sasa.
Kila nikilifikia neno lenyewe
nalitamka kwanza kwa sauti, nijipime,
na mke wangu, kutoka jikoni, anauliza:
mahali gani?