Zamu Yangu ya Kufa

Jumamosi, Ntusi, umande haujakauka.
Rwabwogo anagawa mikuki ya mbao,
ncha zake zimevishwa vipande vya ndara kuukuu.
Ngao ni za fito na matete,
nilizisuka mimi, wiki tatu, vidole malengelenge.
Bati tumelikataa.
Chuma kilikuwa adimu, asema Rwabwogo,
kiliishia kwenye ncha na kwenye jembe.
Basi kifuani hatuna kitu ila nguo ya gome,
inanuka moshi, inajikunja shingoni.

"Mguu wa kushoto mbele! Goti likunje!
Ngao si mlango, usijifiche nyuma yake.
Ngao ni ngumi. Piga nayo!"
Tunapiga.
Ng'ombe wenye pembe ndefu wanainua vichwa,
wanatutazama, wanarudi kwenye majani.

Sheria: si kichwa, si shingo,
na mkuki usimame kidole kimoja kabla ya ngozi.
Kidole hicho ndicho kazi yote.
Kuchoma, hata mlevi huchoma.

Leo kura imeniangukia: nife.
Kufa nako kuna mafunzo,
ulegee kiunoni, kidevu kifuani, mkuki uutupe mbali.
Kagwisagye ananijia, pumzi kama mvukuto,
anakipita kidole, ananigonga ubavuni kweli.

Nimelala. Sisimizi wanapanda shavuni.
Vita vinaendelea juu yangu, miguu pekupeku na matope.
Naye, badala ya kupiga ukelele wa ushindi,
anainama:
"Nimekuumiza, Keihangwe?"

Sijui kama enzi zile kuna aliyeulizwa hivyo.
Maiti hajibu.
Nikafumbua jicho moja.