Mioyo Mitatu

Wameniita tena, miaka thelathini na minne imepita,
nina nyonga ya chuma na miwani ya kamba,
kwa kuwa katika kituo kizima cha runinga
hakuna mwingine anayekumbuka kadi zilihifadhiwa wapi.

Montevideo, Agosti. Upepo wa mtoni unapekua makoti.
Studio ni ileile, ghala la nyama la zamani;
kuta bado zinatoa baridi ya ng'ombe walioliwa kitambo.
Meza ya nusu duara imepakwa rangi upya.
Kengele imekutwa kwa bawabu: alizuilia nayo mlango.

Kadi elfu nne, zote kazi yangu,
na mashine yangu ya chapa yenye kigugumizi kwenye R.
Nazisoma moja moja. Majibu mengi yamekufa.
Nchi iliyokuwa moja imekuwa kadhaa,
sayari ya tisa imevuliwa cheo,
aliyewapita wote kwa mbio sasa ana wajukuu.
Nilidhani ukweli hukaa pale ulipouacha,
kama kiti.

Mtangazaji mpya anaitwa Nibia Larrañaga,
sauti yake ya mtu aliyewahi kuuza viatu.
Wakubwa wanamtaka agonge meza mara mbili
kama alivyogonga marehemu Irazoqui,
nchi nzima ikabana pumzi, supu zikapoa.
Anajaribu. Ko, ko. Anacheka.
"Mkono huu si wangu. Nitagonga siku nikikasirika."
Wakubwa wanatazamana.
Mimi nafyonza mate, yale ya majani machungu,
na kuyameza yale mengine.

Ndipo naikuta kadi ya elfu moja mia na sita.
*Ni mnyama gani mwenye mioyo mitatu?*
*Jibu: pweza.*

Nayakumbuka mabega yake. Baltasar Umpiérrez,
muuza samaki wa Piriápolis, suti ya kuazima,
swali moja tu kati yake na gari jekundu.
"Ngisi," akasema, bila hata kuzitumia zile sekunde.
Irazoqui akaitazama kadi yangu. Ko, ko.
"Hapana."
"Lakini mimi ndiye ninayewapasua,
kila alfajiri, nimeihesabu kwa vidole vya..."
Kengele.

Pweza anayo mitatu. Ngisi naye anayo mitatu.
Mimi nilikuwa na kitabu kimoja cha shule na basi la kuwahi.
Nilikuja kujua mwaka uliofuata, kwa daktari wa meno,
katika jarida lisilo na jalada.
Nikalifunga jarida, nikafunga na mdomo.
Huko kwao wakambandika jina, Ngisi;
watoto wakagonga madirisha akipita, ko, ko,
naye, nasikia, alikuwa akiwapungia mkono.

Usiku wa kwanza. Taa. Nibia ananitafuta
nyuma ya kioo, kadi i mkononi mwake.
Nyuma yake nimeandika kwa kalamu
kosa lenyewe, mwaka, na jina langu.
Anaisoma yote. Hakuna muziki.
"Bwana Umpiérrez," anaiambia kamera,
"ulikuwa sahihi. Na kuhusu lile gari..."
Anawageukia wakubwa kule gizani
na kugonga meza mara mbili.

Simu inalia wakiwa bado wanazima taa.
Ni binti yake. Baba alikuwa amelala,
imebidi wamwamshe na kumweleza mara tatu.
Gari hataki, macho yamekwisha.
Anauliza tu, aliyeiandika kadi bado yu hai?
Kama yu hai, aje.
Atampasulia mmoja, ahesabu mwenyewe.

Basi la Jumamosi linaondoka saa mbili.
Tiketi ninayo. Nimebadilisha koti mara mbili,
kisha nimerudia lile la kwanza.