Ukurasa wa Bure

Mama Kyakimwa alikuwa na daftari la mistari,
jalada la bluu, limefungwa kwa kamba ya kiatu.
Matanga ya baba: Nabintu, sukari kilo mbili.
Sebuhoro, makala nusu gunia, na alilala nje nasi siku tatu.
Kuzaliwa kwangu: kitenge, si kipya, lakini kimepigwa pasi.
Hakuandika ili adai.
Aliandika ili asife na vitu vya watu.

Januari ile mlima ulipotapika,
moto ulipita Birere kama mtu anayejua anwani,
ukala nyumba ya mbao, ukala vitanda, ukala daftari.
Tulikuwa ng'ambo, Gisenyi, juu ya godoro la wenyewe.
Jirani akasema, Basi, madeni yameungua, shukuru Mungu.
Mama akamtazama kama aliyetukanwa.
Usiku nilimsikia akihesabu gizani:
Nabintu, mbili. Sebuhoro, nusu, na siku tatu.

Tuliporudi Goma mawe yalikuwa bado moto chini ya kandambili.
Wakaja watu wa msaada na gari jeupe,
wakampa shiti, sahani mbili, maharage.
Akauliza: Niandike nani?
Kijana wa orodha akasema, Ni bure, mama.
Bure ni mtoto wa nani? Anakaa wapi?
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Akasaini polepole, kama anayeuza shamba.

Mimi nilikuwa seminari ndogo, kichwa kimejaa Kilatini.
Nikamweleza habari za watu wa kale:
mgeni na mwenyeji wake walivunja kigae,
kila mmoja akaondoka na kipande,
na wajukuu, wakikutana miaka mingi baadaye,
walilinganisha kingo.
Nikamwambia Wagiriki walikuwa na neno moja
kwa zawadi, kwa shukrani, kwa neema ya Mungu.
Mama, akichambua sombe: Hao walikuwa na akili.

Kisha nikajitia mwalimu.
Nikasema neema hailipwi.
Nikamtajia yule mtume mzee, mfungwa,
aliyemrudisha mtumwa kwa bwana wake na barua mkononi,
akaahidi kubeba deni lote mwenyewe.
Endelea, akasema mama. Mstari unaofuata?
Nikanyamaza.
Pale mzee anasema hatamkumbusha bwana yule anachodaiwa,
na hapohapo anamkumbusha.
Unaona? Hata yeye alikuwa na daftari.

Tumemzika mwaka jana.
Chini ya magunia nimekuta daftari la pili.
Lile la kwanza ameliandika upya, lote, kwa kichwa.
Nabintu amekatwa mstari.
Sebuhoro amekatwa mara nne: nusu gunia, kisha siku moja moja.
Katikati, ukurasa wa Bure.
Shiti moja. Sahani mbili. Maharage, hayakupimwa.
Chini yake, kwa kalamu za rangi tofauti, aliyomrudishia:
mwanamke wa Masisi, chumvi na pa kulala.
Msukuma chukudu, viatu vya marehemu.
Mtoto asiyesema jina, uji, siku kumi na moja.
Askari (sikuuliza wa upande gani), maji.

Nimejumlisha. Imepita bei ya shiti, imepita mbali.
Lakini ukurasa huo hakuukata.
Jana mtu amebisha hodi
nikiwa na kalamu mkononi.