Ankara ya Kofia Ishirini na Nne

Meza yangu iko Makadara, chini ya ngazi za duka la karatasi:
taipureta moja, stuli mbili, na kibao
BARUA. MADAI. ANKARA. KIINGEREZA SAFI.

Shekuwe alifika saa nne, kofia moja ya mfano kaifunga gazetini.
"Niandikie. Ishirini na nne, za mkono, zaenda Durban.
Kila moja elfu nne na mia tano.
Na uandike wewe. Mwaka jana niliandika mwenyewe,
penye koma nikatia nukta.
Walinitumia shilingi mia na nane.
Mia na nane! Nikapiga simu, wakaniambia,
tumelipa ulichoandika."

Sikucheka. Nilicheka baadaye, nyumbani.

Nikamwonyesha: koma hukaa hapa, baada ya elfu,
hutenga tu, haipunguzi kitu.
Nukta ndiyo kisu. Kilicho kulia kwake ni senti.
Nikamwambia pia mambo ambayo hakuuliza
(ndio ugonjwa wangu):
kwamba Mwingereza alama ya pauni huiandika mbele
na pauni yenyewe huitamka nyuma;
kwamba shilingi zikiwa nyingi huvaa sini mkiani,
ila zikitangulia noti huivua,
zikashikwa mkono na kistari,
mia nzima, na zaitwa kama moja.

"Kama viatu mlangoni mwa msikiti," akasema.
"Na sisi je?"
Sisi twaanza na shilingi, kisha hesabu.
Twataja kitu, ndipo tukihesabu.
"Basi sisi tuna adabu," akasema, akajinyosha mgongo.

Nikapiga mstari wa mwisho:
kofia za thamani ya shilingi laki moja na elfu nane.
Akainama, mato yake karibu yaguse karatasi.
"Hapa uzi haukukatwa."
Ni ritifaa, nikamwambia. Yaonyesha mwenyewe.
"Mwenyewe nani?"
Shilingi. Thamani ni yake.

Akanyamaza. Kidole chake cha shahada
kina vidoa vyeusi, sindano imeingia na kutoka
tangu babake alipomkalisha barazani Kibokoni.
"Na ukiandika kazi ya miezi minane?"
Ritifaa vilevile. Kazi ni ya miezi.
"Thamani ya shilingi. Kazi ya miezi.
Na mimi, katika Kiingereza chako safi, nakaa wapi?"

Nina kitabu cha sarufi kwenye droo, jalada limeng'oka.
Sikukifungua.
Chini, nikasema. Penye saini.

Akachukua kalamu, akaandika jina kwa herufi za Kiarabu,
kutoka kulia, kubwa, bila haraka,
mkia wa wau ukashuka hadi nje ya mstari nilioupiga.
Kwa mteja mwingine ningechapa upya.

Kisha akaiinua karatasi kwenye jua la mlangoni.
Taipureta yangu ni ya zamani, nukta yake hutoboa.
Penye nukta ya senti, kabla ya sufuri mbili,
palikuwa na tundu dogo, na mwanga ukipita.
Akaifungua ile kofia ya mfano,
akaiweka kando ya ankara, juani,
vitobo mia kadhaa, na kimoja changu.

"Hiki umekishona vizuri," akasema.
Akanilipa mia mbili, noti mbili za mia.