Ziada

Bi Ghaniya aliitua laptopu kauntani
kama mtu anayerudisha samaki kwa muuzaji.
"Kibandiko kinasema mbili nukta nne.
Kioo kinasema nne nukta moja.
Mundhir, mimi nimefunga vitabu vya wizara
miaka thelathini na moja.
Upungufu ni wizi.
Ziada ni wizi ambao mwenyewe bado hajajitokeza.
Hii mashine inaficha nini?"

Nje, Ruwi, Julai, saa saba mchana:
paka wamejipanga chini ya magari,
kila mmoja na kivuli chake cha kukodi.
Ndani, eisi yangu kuukuu inakoroma
digrii kumi na tisa.

Nikafungua mgongo wa mashine, nikamwonyesha
prosesa, ndogo kuliko kucha ya dole gumba,
bomba la shaba lililolala juu yake, na feni.
Nikamwambia: ile namba ya kibandiko si mwisho wa mbio.
Ni ahadi.
Aliyeiunda ameahidi kwamba viini vyote vinane
vikibeba mzigo pamoja, kutwa nzima,
mwendo hautashuka hapo.
Juu ya hapo hakuahidi kitu.
Juu ya hapo yenyewe hujipima, tena na tena,
upesi kuliko kope:
baridi ipo? umeme unatosha?
nani anafanya kazi, nani kalala?
Saba wakilala, wa nane hula posho yao
akatoka mbio.

"Kwa idhini ya nani?"

Ya joto.

"Joto halitii saini."

Basi tukaenda kupima, maana mhasibu haamini maneno.
Corolla yake ilikuwa juani tangu asubuhi.
Nikaipa mashine kazi ya viini vyote,
nikaiweka kiti cha mbele, milango tukafunga,
sisi nje, viganja machoni, tunachungulia kiooni.
Nne. Tatu nukta mbili. Mbili nukta nne.
Feni ikalia kama nzi ndani ya chupa.
Moja nukta tisa.

"Ahadi imevunjwa," akasema, na nusura atabasamu.

Aliyeahidi, nikamjibu, hajawahi kukaa
ndani ya Corolla, Ruwi, mwezi wa saba.

Tuliporudi dukani alikunywa maji, akanyamaza.
Kisha, bila kuniangalia:
"Mwaka ule wa kufunga hesabu, wenzangu wawili wakiugua,
nilifanya kazi ya watatu siku tisa.
Chumba cha baridi, taa nyeupe, kahawa isiyokatika.
Namba zilinijia zenyewe, Mundhir, kama zinaniita jina.
Siku ya kumi nililala mpaka magharibi,
mwanangu akaniwekea kioo puani aone kama napumua.
Kwenye ripoti yangu wakaandika: *Ametimiza wajibu.*"
Akagusa kibandiko kwa ukucha.
"Mbili nukta nne."

Sikuwa na la kusema. Nikafuta vumbi la feni kwa brashi,
nikapaka upya dawa ya kupitisha joto,
nikakaza skrubu, moja imepotea mpaka leo.

Riali tatu. Akatoa tano, nikamrudishia chenji.
Akaihesabu. Akaihesabu tena.
Akachomoa noti ya baisa mia, akaisukuma kwangu
kwa kidole kimoja.

"Imezidi," akasema,
akatoka kwenye jua.