Imebadilishwa Na

Kontena tisa za mitumba, Shimanzi:
uzito umepungua Jumatano usiku,
saa nane na dakika kumi na mbili.

Mashine haijui matanga. Yaandika tu:
Imeingizwa na: mbarak (yaani mimi, mchana).
Imebadilishwa na: mwanakombo.

Mwanakombo tulimzika Kikowani
mwezi wa Shaabani. Jina lake
hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Bosi acheka: "Kumbe marehemu bado yupo zamu!"
Halafu kicheko chamkauka.
Auliza, bila kunitazama,
ni nani aliyelijua neno lake la siri.

Nje, trela zapiga honi kuelekea Changamwe.
Feni yazunguka. Nakikodolea kioo macho.

Ni jina la paka wake
na mwaka tuliooana.